Tawakali na Maji ya Ziwa

Hapa Ujiji, kila maradhi ya mlipuko yanapofika huzuka swali lililo kongwe kuliko sisi sote: ikiwa ajali imekwisha kuandikwa, tahadhari ni ya nini?

Si swali la wajinga. Mwezi Mei 2015 kipindupindu kiliwazukia wakimbizi wa Burundi waliojazana Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya mlima na Ziwa Tanganyika. Waliugua maelfu, wakafa zaidi ya 30. Waliofiwa huhitaji neno la kushika, na dini inalo: Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba Mwislamu anayekufa kwa maradhi ya tumbo huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Siidharau faraja hiyo. Nimeona matangani inavyomwinua mama aliyezika mwanawe, pale ambapo sisi walimu, pamoja na elimu yetu, hatuna la kumwambia.

Lakini faraja ya mfiwa haiwi ruhusa ya mzembe. Mtume huyo huyo alikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia. Khalifa Umar, akiwa safarini kwenda Shamu, alipata habari za tauni akageuka. Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alikubali, akaongeza kwamba anaikimbilia kadari ya Mungu huyo huyo. Nalifahamu jibu hilo hivi: kadari tunaijua baada ya jambo kutokea, kabla ya hapo, tunachokijua ni wajibu wetu.

Tutazame udhu. Humzoesha Mwislamu kunawa mara kwa mara kila siku, somo ambalo shuleni tulihangaika sana kulifundisha. Hata hivyo, kipindupindu huenea kwa maji, na anayetawadha husukutua. Maji ya ziwani yaweza kuwa twahara kisheria, na bado yakaua. Kuyachemsha au kuyatia dawa hakupunguzi tawakali. Vivyo hivyo, maiti ambaye kumwosha ni hatari hufanyiwa tayamamu, na heshima yake haipungui.

Mwaka 2020, wakati wa korona, Hija yenyewe ilifanywa na mahujaji wachache tu waliokuwamo tayari nchini Saudi Arabia, badala ya mamilioni. Ikiwa nguzo ya dini ilipunguziwa watu ili kuokoa roho, sisi tutatoa udhuru gani kwa ndoo moja ya maji isiyochemshwa?

Ndugu msomaji, dua tuombe, na kuni tuwashe. Mwenye kuacha moja kati ya hayo asiseme amemtegemea Mungu.