Thuluthi ya marehemu

Tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wana haki ya kumrithi baba yao Mwislamu. Huku Pwani uamuzi ule uliwasha moto barazani na misikitini. Wanaharakati walishangilia, masheikh wakalaani, na kila upande ukawa na hakika kwamba mwenzake hajui anachosema.

Waliokasirika wana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Katika fiqhi, mtoto aliyezaliwa nje ya nikaha nasaba yake ni ya mamake. Humrithi mama na jamaa za mama, nao humrithi yeye. Kwa baba hana fungu. Huo ndio msimamo mashuhuri wa madhehebu manne ya Sunni. Wapo wachache waliokwenda njia nyingine, Ibn Taymiyya miongoni mwao, walioona kwamba baba akimkiri mtoto ambaye mamake hakuwa mke wa mtu, nasaba huungika. Lakini sauti hiyo haikupata nguvu kwetu sisi Mashafii.

Tena kuna kumbukumbu. Mahakama za kadhi zilikuwapo Pwani kabla ya nchi iitwayo Kenya. Sultani wa Zanzibar alipoukabidhi ukanda wa maili kumi kwa Waingereza mwaka 1895, zilibaki, na uhuru ulipokaribia mwaka 1963 ahadi ya kuzilinda ilitolewa upya. Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika Julai 1981, ilitaka kutupima sote kwa ratili moja. Waislamu waliipinga mpaka ikarekebishwa mwaka 1990. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 24, inaruhusu kanuni ya usawa ilegezwe mbele ya kadhi katika ndoa, talaka na mirathi, ila kwa kadiri ya lazima tu. Mabishano yote yamo katika kadiri hiyo. Mtu aliyepitia hayo akisikia majaji wa Nairobi wamegawa mirathi ya Mwislamu, huona mlango umesukumwa: leo mtoto wa nje, kesho fungu la binti, keshokutwa nikaha yenyewe.

Upande wa pili nao una lake. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 25, linasema watoto wote wapate hifadhi sawa ya kijamii, wawe wamezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Tunaambiwa hiyo ni fikra ya Wazungu. Saudia ilijizuia kupiga kura siku ile, ni kweli, lakini Misri, Pakistan, Iran, Iraki na Syria ziliunga mkono. Na ile hoja kwamba mtoto asiadhibiwe kwa kosa la wazazi wake, hatukuisubiri kutoka Geneva. Qurani imekariri kwamba hakuna anayebebeshwa dhambi ya mwingine. Jibu la wanazuoni ni kwamba kukosa fungu si adhabu. Ni kukosekana kwa sababu ya kurithi, kama jirani asivyorithi. Nimelitafakari sana jibu hilo. Kitabuni limekaa sawasawa. Kumweleza mtoto wa darasa la tano mwenye sura ya babake kwamba yeye kwa marehemu ni kama jirani, hiyo ni kazi nyingine.

Katika kelele hizo zote, asiyetajwa na mtu ni marehemu.

Sheria ile ile inayomnyima mtoto fungu imempa baba nafasi ya kumfaa. Akiwa hai na mwenye afya, anaweza kumpa hiba: kiwanja, chumba, mashua, apendacho, na hakuna kipimo. Akifa, kabla warithi hawajagawana, hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Wasia huo haumwendei mrithi, ila warithi wengine wakiridhia. Sasa tazama: mtoto wa nje si mrithi. Kwa hiyo kile kinachomfungia mlango wa urithi ndicho kinachomfungulia mlango wa wasia.

Tufanye hesabu. Mtu amefariki ameacha shilingi milioni 6, madeni hana, wazazi walitangulia. Ana mke, wana wawili na binti mmoja, na mtoto mmoja wa nje aliyemwandikia thuluthi. Mtoto huyo anaondoka na milioni 2. Zinabaki milioni 4: mke apate thumuni, laki 5, kila mwana milioni 1 na laki 4, binti laki 7. Asiye na fungu amewapita wote! Sheikh gani atasimama kusema hesabu hiyo ni haramu?

Kwa nini basi wasia wa namna hiyo ni nadra? Kwa sababu kuuandika ni kukiri, na kukiri ni aibu. Aibu ya mama huonekana tumboni mwezi wa tano, mtaa mzima ukaihesabu. Ya baba hukaa mfukoni mpaka siku ya kaburi, halafu tunaambiwa dini ndiyo iliyomzuia. Dini haikumzuia. Alimwogopa mkewe, akawaogopa wakwe, akaiachia mahakama izungumze badala yake.

Waindonesia wamelishika jambo hili vizuri kutuzidi. Mwaka 2012 Mahakama yao ya Katiba iliamua kwamba mtoto wa nje ana uhusiano wa kisheria na babake. Baraza la Maulamaa likapinga suala la nasaba na urithi, lakini halikuishia kulaani. Lilitoa fatwa kwamba serikali inaweza kumwadhibu mwanamume huyo kwa kumlazimisha amtunze mtoto, na kwamba akifa mtoto apewe mali kwa njia ya wasia wa wajibu. Wazo la wasia wa wajibu lilikuwepo: Misri iliuweka kisheria mwaka 1946 kwa ajili ya wajukuu waliofiwa na wazazi. Baraza letu lolote lingeweza kupeleka pendekezo kama hilo bungeni. Wakili wa haki za binadamu atasema wasia si usawa, kwa kuwa jina la mrithi mtoto bado hana. Ni kweli, hana. Ana karo na paa.

Kuna mtu mmoja katika hesabu yangu ambaye ujanja huu haumfikii: binti wa ndoa na laki 7 zake. Yeye ni mrithi, wasia haumhusu mpaka kaka zake waridhie. Asipopewa hiba mapema, ndiyo basi. Hapo sheria mbili zinagongana waziwazi, na sijamsikia sheikh wala wakili aliyeniridhisha. Anayesema mwanamume hupewa mara mbili kwa kuwa ndiye mlishaji, na apite Likoni alfajiri ahesabu ni nani anayekaanga mahamri ya kuuza, na pesa zile zinalisha nyumba ya nani. Anayesema aya iwekwe kando, na amwendee binti mwenyewe kwanza. Huenda akamkuta juu ya msala, wala hataki msaada wa namna hiyo.