Deni la Mtu Mwema

Mafungu ya kusoma: Mhubiri 9:5, Marko 7:9-13, Luka 10:25-37, Matendo 9:36-42, 1 Timotheo 5:8.

Alfajiri ya Sabato, tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa safarini kutoka Unguja kuja Pemba. Zaidi ya watu 200 walithibitishwa kufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Hapa Chake Chake siku hiyo haijasahaulika. Mimi kila ninapoikumbuka, namkumbuka pia jirani yangu, mhudumu wa gari la wagonjwa. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, lakini alikwenda Wete, ambako meli ilikuwa ikingojewa. Bandarini hapakuwa na majeruhi wa kubeba, kwa sababu meli haikufika. Aliwashughulikia waliozimia waliposikia habari, na wazee wenye presha waliokaa juani wakingoja majina. Jioni alirudi, akaoga, akakaa barazani na watoto wake mpaka usiku. Hakusimulia kitu.

Jirani huyo alistaafu, na sasa amefariki. Sitamtaja jina, kwa heshima ya jamaa zake. Hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa Mwislamu, kama walivyo majirani zetu wengi kisiwani. Lakini Yesu alipoulizwa jirani ni nani, mfano wa kuigwa alioutoa ulikuwa wa Msamaria, mtu ambaye msikilizaji wake hakumtazamia. Kwa hiyo tusione vigumu kujifunza kwa jirani. Maisha yake yanatuuliza swali gumu: Je, mtu anayewatendea wengine mema anaweza bado kuwa na deni nyumbani kwake?

Siku ya maziko wengi walimshuhudia. Mmoja alisema mkewe alijifungua ndani ya gari, njiani, na mtoto huyo leo yuko sekondari. Mwingine alionyesha mguu aliofungiwa vipande vya mbao alipoanguka kutoka kwenye mkarafuu. Nikawakumbuka wajane wa Yafa, waliomwonyesha Petro nguo ambazo Tabitha aliwashonea.

Kisha mwanawe mkubwa aliniita kando.

“Mwalimu,” aliniambia, “wote wamesema kweli. Lakini mimi nina langu, na mama ndiye aliyenisimulia.”

Alipokuwa mdogo alishikwa na degedege usiku. Baba yake alikuwa zamu, akimkimbiza hospitali mwanamke aliyekuwa akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mama yake hakuwa na njia ya kumpata mumewe. Kijana wa jirani ndiye aliyewapakia kwenye pikipiki, mama amemkumbatia mtoto, akawafikisha kwa daktari. Mtoto alipona, na yule mwanamke pia alipona. Alfajiri baba alifika, shati lake lina damu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema: “Nisamehe, mwanangu. Uliponihitaji sikuwepo.” Kisha akamgeukia mkewe, akamwambia maneno hayo hayo.

Ndugu msomaji, mtu huyu alikuwa na utetezi mzuri kabisa. Angeweza kusema, “Nilikuwa nikiokoa roho ya mtu.” Ingekuwa kweli. Kama angemwacha yule mwanamke njiani arudi nyumbani, sisi sote tungemlaumu. Hakutenda dhambi kwa kwenda. Basi kwa nini aliomba msamaha?

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na jibu ninaloliona ni hili: mtu anaweza kutenda lililo sahihi na bado akabaki na deni. Mtoto aliyekuwa akitetemeka kitandani alikuwa na haki ya kuwa na baba yake. Haki hiyo haikufutika kwa sababu mtu mwingine alikuwa na shida kubwa zaidi. Ilisubiri tu. Baba alijua kwamba inasubiri, na hakuifanya kazi yake njema kuwa kifutio.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka, hasa sisi tunaotumika kanisani. Soma Marko 7:9-13. Yesu aliwakemea watu waliochukua mali ambayo ingewasaidia baba na mama zao, wakaitangaza kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, na kwa neno hilo takatifu wakajifungulia mlango wa kuwaacha wazazi. Kosa halikuwa kutoa sadaka. Kosa lilikuwa kuitumia sadaka kumnyamazisha mwenye kudai. Leo Korbani yetu inaweza kuwa mkutano wa injili, kikao cha baraza, zamu ya hospitali au ziara ya makanisa. Nami nakiri: zipo jioni nyingi nilizomwambia mke wangu, “Ni kazi ya Bwana,” naye akanyamaza. Kunyamaza kwake nilikuhesabu kuwa ni kukubali. Katika 1 Timotheo 5:8 Paulo anaonyesha jinsi jambo hili lilivyo zito: kuwatupa watu wa nyumbani ni kuikana imani yenyewe.

Jirani yangu alilipaje? Alilipa kidogo kidogo. Msimu wa karafuu, siku zake za mapumziko zilikuwa za watoto shambani: wao wakiokota, yeye juu ya mti. Alijifunza kusuka nywele za binti zake, na vijana wa mtaani walimcheka. Baada ya kustaafu, mkewe alipata kiharusi. Miaka yote iliyofuata alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani ili asipate vidonda, kwa mikono ile ile na kwa utaratibu ule ule aliokuwa akiwahamishia wageni kwenye machela. Nilipomwambia kwamba anajichosha, alinijibu, “Usiku mwingi alikesha akiningoja, mwalimu. Sasa ni zamu yangu.”

Wapo watakaosema kwamba marehemu hasemwi ila kwa mema, na kwamba habari ya usiku ule ingeachwa. Lakini Mhubiri 9:5 inatufundisha kwamba wafu hawajui neno lolote. Sifa zetu hazimfikii aliyelala. Kumbukumbu ni kwa ajili yetu tulio hai, na haitufai kitu tukikumbuka mtu ambaye hakuwahi kuwepo, mtu asiye na upungufu. Mwanawe hakunisimulia usiku ule ili amshitaki baba yake. Alinisimulia kwa sababu ndipo alipojua kwamba anapendwa.

Turudi sasa kwa Msamaria. Hakubaki katika nyumba ya wageni mpaka majeruhi apone. Alimkabidhi kwa mwenye nyumba, akaacha fedha, akaahidi kurudi, akaendelea na safari yake. Upendo ulihitaji mikono zaidi ya miwili. Yule kijana wa pikipiki alikuwa mwenye nyumba ya wageni usiku ule: alishika upande ambao baba hakuweza kuushika. Siku hizi nchini mwetu, Bara na Zanzibar, upo mfumo wa m-mama, ambao kwa kupiga namba 115 bila malipo mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga hutafutiwa usafiri wa dharura. Na gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa jamii aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Kila mshiriki aijue namba hiyo. Tena kila kanisa lijiulize: wauguzi, madereva, askari na wavuvi wanapotoka usiku, nani anabisha hodi nyumbani kwao kujua kama watoto wamelala salama?

Usingoje siku ya maziko. Kama leo yupo mtu nyumbani mwako aliyekuhitaji nawe hukuwepo, hata kama ulikuwa mahali pema, mwendee kabla jua halijachwa. Usianze na utetezi wako. Anza na neno lile alilolianza jirani yangu.

Maswali ya Kujadiliana

1. Je, unakubali kwamba mtu anaweza kutenda lililo sahihi na bado akawa na deni? Toeni mifano kutoka maisha yenu.

2. Ni shughuli gani ya kanisa lenu iliyo katika hatari ya kugeuka Korbani? Mtajuaje kwamba imegeuka?

3. Nani mtaani kwenu anafanya kazi ya usiku kwa ajili ya wengine? Darasa lenu linaweza kuisaidia familia yake kwa njia gani juma hili?