Kumsikiliza Mungu Njiani

Siku ya ufufuko wa Bwana, wanafunzi wawili walitoka Yeruzalemu wakashika njia ya kwenda kijiji cha Emau. Mmoja aliitwa Kleopa. Mwendo wao ulikuwa kama kilomita 11, nao walitembea kwa huzuni, kwani waliona kama tumaini lao limezikwa kaburini. Ndipo Yezu mwenyewe akawakaribia, akafuatana nao, wala hawakumtambua. Mtakatifu Luka ameiandika habari hiyo katika sura ya 24 ya Injili yake.

Bwana alifanyaje? Kwanza aliwauliza habari za mazungumzo yao, akawaacha waseme yote yaliyowalemea. Baadaye alinena yeye, akawakemea kwa uzito wa mioyo yao na kuwaeleza Maandiko tangu Musa na manabii wote, nao wakasikiliza. Basi sala ya njiani ina sehemu mbili: kusema na Mungu, na kumsikiliza Mungu. Wengi hushika ya kwanza na kusahau ya pili. Wafanana na mtoto aombaye shauri kwa baba yake, kisha akimbia kabla hajajibiwa.

Mkatekumeni wa kijijini hushika njia kila siku. Asubuhi aenda shambani na jembe begani, jioni arudi na mzigo wa muhogo. Mama ashuka mtoni kuteka maji. Siku ya mafundisho, wote wafuata njia ya misioni. Nyakati hizo zisipotee bure. Akitoka mlangoni, mkatekumeni afanye ishara ya msalaba. Achukue neno moja la Injili aliyoisikia Dominika, au jibu moja la katekisimu, alirudie moyoni polepole. Kisha anyamaze. Asiye na rozari anavyo vidole kumi, navyo vyatosha kwa Salamu Maria kumi. Fumbo la pili la furaha lamfaa sana msafiri, kwani Bikira Maria naye alishika njia ya milimani, katika nchi ya Yuda, amemchukua Yezu tumboni mwake, akaingia nyumbani mwa Elizabeti.

Je, akikutana na mtu, apite bila neno kwa sababu anasali? Sivyo. Amsalimu kwa heshima, na mzee aliyechoka amtue mzigo. Upendo haukati sala.

Lakini ajue kwamba Mungu hujibu, na pengine jibu lake ni gumu. Mtu amegombana na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kila asubuhi apita mbele ya nyumba ya jirani huyo, uso ameugeuza upande. Siku moja, akiwa katika sala, dhamiri yamwambia: Ingia, ukapatane naye. Naye aharakisha hatua na kupaza sauti ya Salamu Maria, asisikie tena. Midomo yasali, masikio yamefungwa. Mtu huyo atamani ubatizo, apate kumwita Mungu Baba. Lakini amwitaje Baba, hali amkataa ndugu aliyeumbwa na Baba yuleyule? Kilomita nyingi za sala hazitamfikisha, kama hataki kuvuka ua ule mmoja.

Wale wawili wa Emau walimkaribisha mgeni wao, wakamtambua alipoumega mkate. Jua lilikuwa limekuchwa, nao walikuwa wamechoka; hata hivyo waliondoka mara moja wakarudi Yeruzalemu kwa ndugu zao. Njia ilikuwa ileile, ila mioyo yao ilikuwa imegeuka. Ndivyo ajulikanavyo mtu aliyemsikiliza Bwana njiani: miguu yake yajua kurudi mahali alipopakimbia, naye apiga hodi penye mlango aliokuwa akiupita kila siku.