Kudai Haki Bila Kusema Uongo

Maandiko ya somo: Luka 18:1–8, Yeremia 32:6–15

Mnaikumbuka ile Jumapili tulipotoka nje kanisa zima baada ya ibada, tukalizunguka lori jipya la ndugu yetu tukaliombea. Wazee waliweka mikono kwenye boneti, kina mama wakaimba, watoto wakapanda nyuma. Tulipaka mafuta mpaka magurudumu. Lori la dizeli, tani saba, plastiki ya viti haijatolewa. Ndugu huyu alikuwa amekopa benki na kuweka shamba la baba yake kama dhamana, na mkewe akatoa akiba yake yote ya sacco ili ile pesa ya kwanza itimie. Amenipa ruhusa nisimulie yaliyofuata. Jina lake naliacha, na jina la kampuni iliyomuuzia naliacha pia, kwa sababu shauri halijaisha na madhabahu si mahali pa kuchafulia watu.

Mwezi wa tatu, lori limebeba viazi kutoka Narok, linapanda ule mlima wa Mai Mahiu kuja Nairobi. Taa ya injini ikawaka. Nguvu ikakata. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliendi. Wanaopita pale wanajua: upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na nyuma yako trela linapiga honi. Walitambaa na gia ya kwanza mpaka Kimende. Mimi kabla ya kuitwa utumishini nilikuwa tanboi, kwa hivyo aliponisimulia nilisikia jasho mgongoni.

Akarudisha lori kwa kampuni. Wakaunganisha kompyuta, wakaizima ile taa, wakamwambia enda, iko sawa. Baada ya wiki mbili ikarudi. Wakabadilisha filta. Ikarudi tena. Mara ya tatu wakalishikilia siku kumi, kisha wakamwita: nozeli zimekufa, pampu ya dizeli imekwaruzika, na sababu ni mafuta machafu. Waranti haishughulikii mafuta machafu. Bili ndiyo hii.

Hapo washauri wakaja, na wengine wao mko hapa leo. Mmoja akasema ni jicho baya la jirani, tufunge siku tatu. Kufunga ni kuzuri, lakini nozeli ikifa tunaita fundi. Mwingine akasema mwamini hadai, mwamini anasamehe na kumwachia Mungu. Akamsomea Wakorintho wa Kwanza sura ya 6. Sasa hebu tuisome vizuri hiyo sura. Paulo anawakemea ndugu wa kanisa moja wanaoburutana kortini mbele ya wasioamini. Hasemi ukinunua kitu kibovu unyamaze. Paulo huyo huyo kule Filipi, Matendo 16, wakubwa wa mji walipotaka kumtoa gerezani kimyakimya baada ya kumchapa bila hukumu, alikataa kutoka. Alitaka waje wenyewe wamtoe. Alijua haki yake kama raia wa Rumi na aliitumia. Nani ananielewa?

Na yule mjane wa Luka 18 hakuwa na pesa wala mtu wa kumtetea. Alikuwa na miguu tu. Alikwenda, akafukuzwa, akarudi. Yesu alitoa mfano huo kuhusu maombi, ni kweli, lakini angalia ni mtu wa namna gani aliyemchagua awe mwalimu wetu wa maombi. Alichagua mtu anayedai haki yake na hachoki. Kwa hivyo usiniambie ati kudai ni kukosa imani. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa.

Basi nilimwambia ndugu yetu, rudi. Akarudi, lakini akarudi na hasira. Alisimama pale shorumu mbele ya wateja akamfokea dada wa mapokezi mpaka dada akalia. Yule dada hakuunda injini. Hakuandika waranti. Labda hata mshahara wake ni mdogo kuliko pesa ambayo ndugu yetu hulipa dereva. Alipotoka pale hakuwa na lori na hakuwa na amani, na akanipigia simu akiwa bado kwenye maegesho. Nilimwambia neno moja tu: kesho yake, kabla hajamwona meneja, aanzie kwa dada. Ilimgharimu. Mwanamume mzima, mzee wa ushirika, kuomba msamaha kwenye kaunta huku mlinzi akimtazama! Lakini alifanya.

Nafikiri mnaona hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi. Sivyo.

Usiku wa Ijumaa saa nne alibisha mlango wangu. Mama mchungaji akampa chai, hakuinywa. Akasema, "Pasta, kuna kitu sijakuambia." Sevisi ya pili alikuwa hajaifanya kwa kampuni kama kitabu cha waranti kinavyotaka. Viazi vilikuwa vinaoza Narok, akampelekea fundi wa jua kali akabadilisha oili na filta. Na siku moja, wiki hiyo hiyo, dereva aliishiwa mafuta njiani akanunua dizeli ya mtungi kando ya barabara. Kampuni sasa inataka rekodi zote za sevisi. Binamu yake ana rafiki mwenye gereji yenye muhuri, atamgongea kitabu vizuri, na risiti za petroli stesheni zinapatikana. "Shamba ni la baba," akaniambia. "Benki ikilichukua nitamwambia nini?"

Wapendwa, mimi sikumjibu haraka. Mtu anayejibu haraka swali kama hilo hajawahi kudaiwa.

Nikamuuliza kama anajua nozeli inafanya kazi gani. Ngoja niwaeleze na nyinyi. Kwenye injini hizi za dizeli za siku hizi, pampu inasukuma mafuta kwa mgandamizo unaopita zaidi ya mara mia moja ule ulio ndani ya tairi la lori. Mafuta yanapita kwenye vitundu vyembamba karibu kama unywele, yanaingia kwenye silinda kama ukungu. Na dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha ile pampu, hakuna oili nyingine pale. Sasa weka maji kidogo, au mafuta ya taa. Kwa macho huoni tofauti. Gari linawaka, linaondoka, unasema si hata sikuhisi kitu. Kumbe chuma kinakula chuma huko ndani. Si mnajua serikali mwaka 2018 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa shilingi 18 kila lita, ili watu waache kuyachanganya na dizeli? Nikamwambia ndugu yangu, muhuri wa binamu yako ni maji kwenye tangi. Kesi itawaka nao, na itaondoka nao. Utafika nao wapi, sijui, lakini mlima uko mbele.

Kisha tukafungua Yeremia 32. Nabii yuko kifungoni, Yerusalemu imezingirwa, na Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake Hanameli kule Anathothi. Angalia anavyonunua. Anapima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi. Hati ni mbili, moja imefungwa na nyingine iko wazi, na Baruku anaagizwa aziweke kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi. Huyu ni mtu wa Roho, jamani, na anatunza karatasi kuliko karani wa benki! Sisi risiti tunafungia njugu.

Nikamwambia alete kila karatasi aliyo nayo, hata zile za aibu. Akaleta mfuko wa plastiki. Tulikesha tukizipanga kwa tarehe juu ya meza ya kulia. Na hapo Mungu akatufungua macho. Ile karatasi ya kwanza ambayo kampuni iliandika lori lilipoingia kwao inaonyesha kilomita, tarehe, na malalamiko: injini inakosa nguvu mlimani. Ya pili vivyo hivyo. Fundi wa jua kali na dizeli ya mtungi vilikuja baada ya hizo mbili. Ugonjwa ulikuwepo kabla ya kosa lake. Tukapata na risiti ya ile filta aliyowekewa Narok, filta halisi, namba ya spea imeandikwa. Halafu tukatazama tarehe ambayo binamu alipendekeza kwa muhuri wake. Siku hiyo lori lilikuwa limelala ndani ya yadi ya kampuni yenyewe! Tulicheka mpaka mama mchungaji akaamka.

Tukaandika barua. Ukurasa mmoja na nusu. Hatukusema lori lilizimika mara kumi, kwa sababu lilikata nguvu mara tatu. Mithali 20:14 inamjua mnunuzi anayeponda bidhaa kupita kiasi. Tukaandika mambo matatu waliyofanya wao, na mambo mawili aliyofanya yeye, mtungi ukiwemo. Tukaomba watuonyeshe sampuli ya hiyo dizeli chafu na nozeli zilizotolewa. Nakala yetu tukaigongesha muhuri wa kupokelewa, na aliyetugongea alikuwa yule dada wa mapokezi. Alisoma, akaangalia juu, akasema, "Hii nitampelekea meneja mkononi."

Jumatatu tuliitwa. Meneja alishangaa kuhusu ule mtungi, akasema watu huwa hawasemi hivyo. Akatuonyesha pia kwamba kwa kitabu chao, sevisi iliyorukwa inatosha kufuta waranti, na hapo sitadanganya, mioyo yetu ilishuka. Lakini sampuli hawakuwa nayo. Fundi wao alikuwa amemwaga tangi bila kuhifadhi hata chupa moja. Na karatasi zao wenyewe zilisema tatizo lilianza mapema. Walitoka nje kuongea, wakarudi. Nozeli mpya na pampu mpya ni juu ya kampuni. Gharama ya kazi, alipe yeye.

Alilipa. Ilimuuma, lakini alisema sehemu hiyo ni ya ule mtungi.

Sasa nina neno kwa upande mwingine, kwa sababu kanisani humu si wanunuzi peke yao. Kuna wewe unayeuza spea pale mjini, wewe wa gereji, wewe unayepokea magari ya watu na kuandika "iko sawa" ili foleni ipungue. Walawi 19 mistari ya 35 na 36 inataka mizani ya haki na kipimo cha haki. Taa iliyozimwa na kompyuta bila kutafuta ugonjwa ni mizani gani hiyo? Mtu alipanda mlima na lori hilo akiwa na vijana wawili ndani. Na wewe unayeuza dizeli ya mtungi, njoo tuongee baada ya ibada. Sitakutangaza.

Msifikiri kila kitu kimerudi. Lori lilisimama wiki sita. Benki haikusimama. Wako nyuma miezi miwili, na mke wake ameniambia kwamba wamemtoa mtoto bweni ili asome akitokea nyumbani. Tumeandika barua ya pili, ya hasara ya wiki zile mbili za kwanza walipomrudisha barabarani na injini inayougua. Hiyo ndiyo wanaikataa. Iko chini ya shilingi milioni moja, kwa hivyo wakishikilia kuikataa ataipeleka kwenye Mahakama ya Madai Madogo, na karatasi zetu ziko tayari, ndani ya kontena ya unga badala ya chombo cha udongo.

Jumatano kwenye maombi ya jioni tutaitaja barua hiyo mbele za Mungu, na familia hiyo, na yule dada wa mapokezi ambaye ameuliza ibada yetu huanza saa ngapi. Alhamisi asubuhi mimi na ndugu yetu tunarudi shorumu.