Ada na Adabu za Mwalo

Neno ada katika Kiswahili lina maana mbili. Maana moja ni desturi, yaani jambo ambalo watu wamezoea kulitenda na huona aibu kuliacha. Maana ya pili ni malipo, kama yale atoayo mwanachama ili jina lake liandikwe daftarini. Wako wasemao kuwa maana hizi zimekutana kwa bahati. Mimi sioni hivyo. Malipo yatolewayo na kila mtu kwa wakati wake, bila ya kufukuzwa, huwa desturi; na desturi ambayo hakuna aliye tayari kuitolea chochote hubaki kuwa hadithi ya wazee. Neno adabu, ingawa sauti yake inafanana na ada, si ndugu yake kwa asili. Lakini mahali popote watu walipojiunga, maneno haya hukaa nyumba moja, na aghalabu hugombana.

Swali ambalo nataka tulifikiri pamoja, msomaji, ni hili. Je, ni haki watu wachache kumtoza mwenzao ada kwa kitu ambacho hawakukiumba, na wakiisha kumtoza wamwambie namna ya kuenenda na namna ya kusema?

Hatuna haja ya kwenda mbali kulitafutia mfano. Kaunti za Homa Bay na Migori zimelala kando ya Ziwa Victoria, na watu wengi wa huko hula na kusomesha watoto kwa samaki. Ukitoka Kendu Bay, ukapita mji wa Homa Bay hadi Mbita, ukavuka kwenda Rusinga na Mfangano, kisha ukashuka kusini mpaka Karungu na Muhuru, utakuta mialo, yaani mahali mashua zinapotia nanga na samaki wanapopimwa na kuuzwa. Ziwa lote lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na sehemu ya Kenya ni kama 6 tu katika kila 100. Katika sehemu hiyo ndogo wavuvi ni wengi. Sangara, ngege na dagaa, ambao huko huitwa omena, hawaongezeki kwa sababu wavuvi wameongezeka.

Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2007, Kenya iliagiza mialo iwe na vikundi vya usimamizi, ambavyo watu wa ziwani wamezoea kuviita kwa herufi tatu, BMU. Mwenye mashua, baharia wake, mchuuzi wa samaki na fundi wa nyavu, wote hupaswa kuandikwa. Wana mkutano mkuu, wana kamati waliyoichagua, na wana ada. Kwa hiyo kijana anayefika mwaloni na wavu begani huambiwa kwanza ajiandikishe, alipe, na asikilize sheria za mahali.

Kijana huyo ana neno la kusema, na neno lake si la kudharauliwa. Husema: ziwa lilikuwako kabla ya kamati. Babu yangu alivua hapa bila ya stakabadhi. Samaki hana mwenyewe mpaka aingie wavuni. Sasa mwenyekiti ananiuzia nini?

Jibu la haraka ni kwamba mwenyekiti hauzi samaki. Samaki ni wa Mungu, lakini mwalo ni wa watu. Choo kilichojengwa mwaloni hakikuota, mizani haikuokotwa majini, na mlinzi anayekesha ili injini zisiibwe anataka kula kama wewe. Anayetumia vitu hivi bila kuchangia anakula jasho la wenziwe. Jibu hili ni la kweli, walakini halitoshi. Kama ada ingekuwa bei ya choo na mizani tu, ingetosha kumtoza kila mtu anapoingia na kumwacha aende zake. Mbona basi anaitwa mwanachama? Mteja wa hoteli hulipa chakula chake, wala hapewi kura ya kumchagua mpishi.

Ada ya mwalo ni rehani kuliko bei. Anayelipa anatia kitu chake ndani, na kwa kitu hicho anasema: mkiharibikiwa, nami nimeharibikiwa. Jambo hili linahitajika sana mahali ambapo faida ya mmoja hupatikana upesi na hasara ya wote huja polepole. Tazama dagaa. Kwa miaka mingi Kenya imefunga uvuvi wao kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai ili wazaane. Siku hizo, anayeiba usiku mmoja na taa yake hupata bei nzuri kuliko siku zote, kwa sababu wenziwe wote wamekaa nyumbani. Utiifu wa wengi ndio unaomnenepesha mwasi mmoja. Vivyo hivyo kwa sangara: sheria inakataza kumvua aliye chini ya sentimita 50, lakini sangara mchanga ana mnunuzi, na tumbo la leo halijui kungoja.

Mwaka 1968 mwanachuoni wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba malisho yasiyo na mwenyewe lazima yaharibiwe, kwa kuwa kila mchungaji hufaidika kwa kuongeza ng'ombe mmoja. Wengi walimwamini, wakasema hapana dawa ila serikali ishike kila kitu, au kila kitu kigawanywe kiwe mali ya mtu binafsi. Mwanamke mmoja wa nchi hiyo hiyo, Elinor Ostrom, hakuridhika. Alikwenda kutazama watu wanaoishi kwa maji, misitu, malisho na samaki wa pamoja, na katika kitabu chake cha mwaka 1990 akaonyesha kwamba wengi wao walikuwa wamejitawala kwa karne nyingi bila ya kuharibu. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata katika elimu hiyo. Aliyoyaona ni mambo ambayo bibi yeyote wa kijijini angeyatambua: wanaotumia kitu wajulikane ni nani, sheria zitungwe na wale zinaowabana, walinzi wawajibike kwa wanaolindwa, adhabu ianze ndogo na kupanda, na pawepo mahali pa karibu pa kusuluhishana.

Hilo la adhabu ndogo nalipenda kuliko yote, kwa sababu viongozi wengi hulikimbia. Mwenye hasira hutaka kufukuza mara moja. Lakini fikiri: mvuvi akifukuzwa mwaloni kwa kosa la kwanza, hageuki kuwa mkulima siku ile. Huhamia mwalo wa pili na tabia yake, au huvua gizani ambako hapana amwonaye. Aliyeonywa, kisha akatozwa faini ndogo, kisha akazuiwa wiki moja, bado yu mtu wa hapo na bado ana uso wa kuonea haya. Kufukuza ni dawa ya mwisho, na mganga anayeanza nayo hana mkoba.

Sasa tuje kwenye kusema, maana hapo ndipo penye ugumu. Mkutano wa mwalo si mahali pa kimya. Watu wamekesha majini, wana deni la mafuta, na kila mmoja anajua siri ya mwenziwe. Lazima pawe na mtu wa kusema, "Sasa wewe, ngoja, mwache amalize." Pasipo mtu huyo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa sheria, na baharia maskini, ambaye ndiye aliyeona wavu haramu kwa macho yake, atarudi nyumbani bila ya kusema neno. Kwa hiyo kumnyamazisha mmoja huweza kuwa njia ya kumpa mwingine ulimi. Wanaolalamika kwamba kila zuio la maneno ni udhalimu hawajapata kukaa katika mkutano usiokuwa na mwenyekiti.

Lakini tofautisha, msomaji, kati ya tusi na shutuma. Mtu akisema, "Mwenyekiti ni mbwa," amevunja adabu, na haki yake ni kuketishwa. Akisema, "Mwenyekiti alipokea faini ya mashua tatu, na daftari lina mbili," hakuvunja adabu hata kidogo, ingawa maneno haya yanauma kuliko yale. Hila ya kiongozi mwovu ni kuyaita yote mawili matusi. Huvaa kanzu ya adabu ili aifiche mifuko ya kanzu. Ninavyoona mimi, mkutano wenye busara haumwachii anayeshutumiwa kuamua kama shutuma isikilizwe. Na ainuke kitini, akae mwingine kwa muda wa shauri hilo, daftari lisomwe mbele ya watu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosomwa halina tofauti na lisilokuwapo.

Kuna swali jingine la kura. Mwenye mashua kumi hulipa zaidi ya baharia asiye na kitu ila mikono yake. Je, asemeshwe mara kumi? Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, walishika kanuni ya mtu mmoja kura moja, na vyama vya ushirika vya Kenya vimeifuata. Mwenye mashua kumi huiona kanuni hii kuwa kali. Hata hivyo, mashua zake haziendi zenyewe, na wimbi la Mfangano likipiga, anayezama ni baharia.

Na asiye na fedha kabisa? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalo unaweza kumpa ufagio, zamu ya ulinzi, au kazi ya kuzibua mtaro, naye akahesabiwa amelipa. Ada inayomzuia maskini mlangoni imesahau ilikuwa rehani ya nini.

Nimesema juu ya ada zilizoandikwa. Ziko pia zisizoandikwa, na hizo ndizo chungu zaidi. Katika mialo mingi ya ziwa hili, wanawake wanaonunua samaki ili wakauze wamelazimishwa kwa miaka mingi kulipa kwa miili yao kabla ya kupewa samaki wa kununua. Wajaluo wana neno, jaboya, la mvuvi mwenye uhusiano huo na mchuuzi. Matokeo yake ni ugonjwa na fedheha, na Homa Bay na Migori zimekuwa miongoni mwa kaunti za Kenya zilizopigwa sana na UKIMWI. Hakuna mkutano uliopiga kura kuipitisha ada hii. Imekua kwa sababu haikutajwa mkutanoni, na haikutajwa kwa sababu, ati, si adabu kuitaja. Hapa adabu imetumiwa kuwa kifuniko cha chungu kibovu. Huko Nduru, upande wa Kisumu, wanawake walijipatia mashua zao wenyewe ili wasimwombe mtu samaki; na kanuni za vikundi vya mialo zinataka wanawake wawemo katika kamati. Lakini mwanamke aliye katika kamati na asiyeweza kulitamka jambo hili ni jina daftarini tu.

Iko na ada ya namna nyingine, ile inayotozwa na asiyekusikiliza. Kisiwa cha Migingo, katika maji ya Migori, ni mwamba mdogo uliofunikwa na vibanda vya mabati. Kuanzia mwaka 2004 maofisa wa Uganda waliweka bendera yao hapo wakawa wanatoza wavuvi, na kufikia mwaka 2009 jambo hilo lilikuwa ugomvi wa serikali mbili. Mvuvi alilipa lakini hakuwa mwanachama wa chochote. Hakuwa na mkutano wa kuuliza fedha zimekwenda wapi. Waite malipo hayo kodi au ushuru. Jina la ada hayastahili.

Kwa kuwa viongozi wa mialo huiba na kupendelea, wako wasemao heri vikundi hivi vifutwe. Uganda ilijaribu. Mwishoni mwa mwaka 2015 Rais Museveni alivisimamisha vikundi vya mialo kwa lawama za rushwa na uvuvi haramu, na mwaka 2017 askari wa jeshi walipelekwa kulinda ziwa. Wapo walioshukuru kwamba sangara waliongezeka. Pamoja na shukrani hizo yamesikika mara nyingi malalamiko ya watu kupigwa na mashua kuchomwa moto, na mvuvi mwenye lalamiko hakuwa tena na mkutano wa kulipeleka. Wavuvi wa Muhuru na Mfangano, ambao hukutana na wenzao wa Uganda majini, wanazo habari hizo. Wao bado wanaweza kumwondoa mwenyekiti wao kwa kura. Na siku inayofuata mwenyekiti mpya hana budi kulifungua daftari na kuanza kudai ada, pamoja na ile ya wale waliompigia kura.