Je, Tunachochimba ni Chetu Peke Yetu?



Kila jioni twawasha taa na kupika chakula, na mara chache twajiuliza nguvu hiyo imetoka wapi. Inafaa tuulize, maana jambo hili lagusa uwakili wetu mbele ya Mungu.

Kwanza tukumbuke masomo ya shule. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Binadamu hawezi kuiumba wala kuiangamiza. Huigeuza tu kutoka hali moja kwenda nyingine. Kuni zikiungua, nishati iliyomo hugeuka joto na mwanga. Lakini joto hilo likiisha kutawanyika hewani, hakuna awezaye kulikusanya na kulirudisha ndani ya ukuni.

Jua, upepo na maji ya mto huja tena. Makaa ya mawe na gesi sivyo. Makaa ya Ngaka, kule Ruvuma, ni mimea iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na mwaka 2004 ikaanza kuendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam. Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Kilichojikusanya kwa mamilioni ya miaka twaweza kukimaliza katika vizazi vichache.

Wako wasemao kwamba Mungu aliweka hazina hizo zitumike, na kuziacha ardhini ni kufanana na yule mtumwa aliyefukia talanta. Neno hilo lina uzito. Nani atamwambia mama anayejifungua gizani asubiri kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa?

Wengine hututajia Yusufu, aliyeweka akiba ya nafaka kule Misri. Lakini nafaka ni mbegu; ikibaki kidogo, yaweza kupandwa ikajaza ghala tena. Gesi haipandwi. Kwa hiyo anayeitumia ana deni kwa wale wanaokuja nyuma yake, na deni hilo huongezeka kwa kuwa moshi wa makaa na gesi huzidisha joto la dunia watakayoirithi.

Torati ilimpa mwenye shamba haki ya kuvuna, lakini ilimkataza kuvuna mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate chao. Sisi twaona kwamba mtoto atakayezaliwa miaka mia ijayo ni mgeni wa namna hiyo. Hana sauti katika mikutano yetu, wala hapigi kura.

Basi, kutumia si dhambi. Dhambi ni kutumia bila kuacha kitu. Fedha ya gesi ikijenga shule, ikafundisha mafundi, ikaweka mitambo ya jua katika zahanati, mali isiyorudi imegeuka mali idumuyo. Ikiishia katika anasa, tumewala wajukuu wetu.

Wala tusiwanyoshee kidole wakubwa peke yao. Mti huota tena, lakini tukichoma mkaa upesi kuliko miti inavyoota, msitu nao utakwisha kama makaa ya mawe. Tuloweke maharage usiku, tufunike sufuria, tuzime taa isiyo na mtu. Na kila nyumba ya mtaa wetu ipande miti mvua zijazo.

Bwana atujalie kuwa mawakili waaminifu. Amina.