Mazingira Yasihifadhiwe kwa Mgongo wa Mama

Tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku Tanzania Bara, na sokoni Nyasho, hapa Musoma, salamu ya muuza nyanya ikabadilika. "Umekuja na cha kubebea?" Wengi hatukuwa nacho. Wazee walitucheka, maana wao walikwenda sokoni na kikapu cha ukindu miaka yote kabla rambo haijaingia mjini. Wala hatukuwa wa kwanza: Zanzibar ilishakataza tangu 2006, na Kenya mwaka 2017.

Mimi nilivutiwa zaidi na kuona nani aliibeba sheria ile. Baba akipita dukani jioni kununua unga na sukari, hana mfuko, ananunua mwingine. Kesho hivyo hivyo. Baada ya miezi michache, nyuma ya mlango wa jiko kuna lundo la mifuko mbadala, na mwenye kuikunja, kuifua na kukumbuka kutoka nao ni mama, au dada wa kazi. Marufuku ilikuwa ya taifa zima, lakini kukumbuka ikawa kazi ya mtu mmoja.

Tangu wakati huo, nikisikia wazo la "usitupe, tumia tena", swali langu ni moja: kwa mikono ya nani? Mawazo haya yamejaa tele. Kopo la maziwa lipakwe rangi liwe chombo cha maua. Chupa za maji zikatwekatwe ziwe pazia. Ni mapambo mazuri kwa mwenye nafasi. Lakini mama wa Mwigobero anaamka saa kumi na moja alfajiri, anawasha jiko, anawaandaa watoto wa shule, kisha anakimbilia mwaloni kuwahi dagaa kabla bei haijapanda. Ukimletea kazi ya kukata chupa ziwe pazia, umemwongezea zamu.

Ukiandika habari za kujitegemea ukiwa Mara, lazima msomaji akukumbushe Mwalimu Nyerere, kwa hiyo nimtaje mwenyewe mapema tuendelee. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge hapa mjini, na Azimio la Arusha la 1967 likaifanya kujitegemea kuwa wimbo wa kila mkutano. Lakini kwa mama mkwe wangu wa Butiama, shule ya kutumia vitu tena haikuwa Azimio. Ilikuwa ile miaka baada ya vita vya Kagera, sabuni ilipoadimika watu wakafulia majani ya mpapai, sukari ikawa ya kupangia foleni, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akawasaka walanguzi nchi nzima. Kanga ikichakaa iligeuzwa nepi. Nepi ikichakaa ikawa kishikio cha sufuria, na mwisho kabisa tambara la deki. Mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi, watu wakaiita kafa Ulaya na kuigombania.

Siku moja nikamsifu mama mkwe kwamba kizazi chao kilijua kutunza mazingira. Akanitazama. "Mwanangu, hatukuwa tunatunza mazingira. Tulikuwa hatuna." Nikamuuliza foleni alikuwa akipanga nani. "Mzee wenu alikuwa mkutanoni," akajibu, akaendelea kuchambua mboga.

Kwa hiyo sipendi makala zinazosifia ufukara wa zamani kana kwamba ulikuwa hekima. Yako mambo ya kuyachukua kutoka enzi zile, na mengine yabaki huko huko. Mimi nachukua yale yanayopunguza kazi.

La kwanza ni dumu. Nyumba gani ya kanda hii haina dumu la njano la lita 20 lililoanza maisha na mafuta ya kula, sasa linachotea maji? Hilo halihitaji semina. Ila lile dogo la lita 5, ambalo huishia uani likipigwa teke na watoto, ndilo linalotengeneza kibuyu chirizi. Unatoboa tundu dogo ubavuni kwa msumari wa moto, karibu na mfuniko, unalining'iniza kwenye kijiti kilichopita kati ya nguzo mbili, unafunga kamba kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti kingine kilicholala chini. Mtoto akikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika. Sabuni inaning'inia pembeni ndani ya soksi iliyofiwa na mwenzake. Anayetoka chooni hashiki kitu chochote kwa mikono michafu, na maji yanayotumika ni machache mno kuliko ya kumwagiana kwa kopo. Kwa mwenye kuchota maji, hiyo ni safari iliyopungua. Hapo mazingira na mgongo wa mama vimekwenda pamoja.

Maji nayo yana daraja zake. Ya kusuuzia nguo yanapiga deki, ya deki yanakwenda chooni. Yaliyooshea mchele au dagaa yanamwagiwa mboga. Ukishaweka jiki, hayo yasifike bustanini. Utaratibu huu hauhitaji mtu aamke mapema. Unahitaji ndoo mbili zikae mahali pake na kila mtu wa nyumba ajue ni za nini. Nyumba nyingi zinashindwa hapa: ndoo hazina makazi, na asiyejua hana wa kumuuliza ila mama.

Gunia la salfeti lililotobokatoboka nalo lina kazi. Weka kopo lililokatwa kitako katikati ya gunia, ulijaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na samadi, vuta kopo juu, jaza tena, mpaka gunia lijae na kokoto zisimame kama bomba katikati. Toboa matundu ubavuni, panda mchicha na sukuma wiki. Maji unamwaga juu, kwenye kokoto, yanafika chini bila kukimbia. Eneo lake ni dogo kama la stuli, na mbuzi wa jirani hafiki yale ya juu. Chandarua kikuukuu kikizungushiwa hapo, kuku nao wanakosa. (Chandarua hicho kisiende ziwani, tafadhali. Kuvulia dagaa kwa chandarua ni kuvuna watoto wa samaki, na kile chenye dawa ni sumu kwa wanaobaki.)

Mambo madogo nayapita haraka. Daftari za mwaka uliopita zina kurasa tupu. Zichanwe, zishonwe pamoja, ziwe za hesabu za pembeni. Soksi na matambara yakiwa mpira wa chandimu, hakuna mtu mzima aliyefanya kazi. Tyubu ya baiskeli iliyokufa inafunga mzigo kuliko kamba yoyote.

Kisha wapo watu ambao mijadala ya mazingira inawasahau: mafundi. Yule anayeshona mabeseni yaliyopasuka, anayeziba madumu kwa kisu cha moto, fundi viatu aliyekaa chini ya mwavuli karibu na stendi, fundi cherehani anayegeuza suruali ya baba kuwa kaptula ya mtoto, na wale wanaokata tairi chakavu kuwa makatambuga, viatu ambavyo wachungaji wa mkoa huu wamevivaa vizazi na vizazi. Hawa ndio idara ya mazingira ya kweli kwa familia isiyo na muda. Unampelekea ndoo asubuhi, jioni unaipitia. Fedha unayomlipa inabaki Bunda au Musoma, na ndoo haikutupwa. Halmashauri zinapopanga upya masoko, mara nyingi hawa ndio wa kwanza kuondolewa ili mji upendeze. Naona ni kosa kubwa.

Sasa nije kwenye pampasi, jambo ambalo wanaharakati wengi hulisemea wakiwa hawana mtoto mchanga nyumbani. Ni kweli, mitaro ya mji wetu inasikitisha, na pampasi haiozi leo wala kesho. Lakini mwanamke anayerudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, bomba likiwa halina uhakika, unamwambia arudie nepi za kanga? Atakayezifua ni nani? Mara nyingi ni dada wa kazi, binti aliyetoka kijijini, ambaye hakuulizwa. Msimamo wangu ni wa katikati na siuonei haya: mchana nepi za kitambaa kwa nyumba yenye maji na yenye zaidi ya mtu mmoja wa kufua, usiku pampasi, na iliyotumika ikunjwe iende kwenye taka, isitupwe mtaroni. Baba anayetaka nepi za kitambaa tupu, beseni analiona lilipo.

Upo pia upande ambao sitaki mzaha. Dada yangu ameolewa Bunda, nchi ya pamba, na pamba hupuliziwa dawa. Chupa ya dawa ikiisha inapendeza: ngumu, ina kifuniko kizuri, haivuji. Hapo ndipo hatari ilipo. Chupa iliyowahi kuwa na dawa ya wadudu haioshwi ikasafika, hata kwa majivu, hata kwa maji ya moto. Isiwekwe mafuta ya kula, maziwa wala maji. Isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi ndani ya bomba la kupulizia, kisha itobolewe ili asitokee mtu wa kuitamani. Na kinyume chake nacho ni hatari: mafuta ya taa au petroli ndani ya chupa ya maji ya kunywa, imewekwa chini ya meza, mtoto ana kiu. Si kila kitu ni cha kutumia tena. Kuna vitu vinavyopaswa kuishia pale vilipoishia.

Kwa nini nisumbuke na haya yote? Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza sangara na sato walionunuliwa soko la bandarini Mwanza, na kwa kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Ziwa Victoria ni hilo hilo letu. Mfuko uliochomoka uani kwako wakati wa mvua haukuenda mbali.

Hata hivyo, mfumo bora kuliko wote wa kutumia tena haukubuniwa na mama yeyote, na hauombi muda wake. Ni chupa ya kioo ya soda. Ukinunua bila kuacha chupa, unalipia chupa. Ndiyo maana hujawahi kuona kreti la chupa tupu limetupwa mtaroni. Mtoto atalikimbiza dukani kabla ya mchana. Soda ilipohamia chupa ya plastiki, bei ya chombo ikafutwa, na kazi ya kuzoa ikaachiwa vijana wanaookota makopo na kuuza kwa kilo. Wenye viwanda wanaijua njia ile ya zamani, maana ni yao. Wairudishe kwenye plastiki, serikali iwasimamie, na mitaro ya Musoma itasafika bila kampeni.

Hayo ni ya wakubwa. Ya nyumbani nayasema kwa akina baba wanaosoma gazeti hili Jumamosi asubuhi wakisubiri chai. Uani kuna dumu la lita 5 na msumari. Kijiti kipo, kamba ipo. Tengeneza kibuyu chirizi wewe, leo, na wanao wa kiume wakusaidie. Halafu ning'iniza mfuko mmoja wa kitambaa kwenye pikipiki yako, na ukirudi jioni na unga, urudi nao.